Mwalimu Lydia Hajaitikia

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Sikukuu. Nchi nzima iko kwenye maonyesho ya biashara. Mimi niko Same, kwenye kona ya duka la vitenge la mke wangu Sharifa, nafungua biashara ya karne. Meza moja. Kompyuta moja. Ruta yenye taa nne za kijani. Ubao nimeuandika kwa mkono wangu: CHANDE, MAWASILIANO YA SAUTI MTANDAONI. Herufi za mwisho zimebanana kidogo. Upepo wa Same umeuangusha mara mbili kabla ya saa nne.

Niandike kila kitu, maana siku moja watu watataka kujua ilianzaje.

Umoja wa Tangawizi wa Mamba, huko mlimani, una namba moja ya simu inayojulikana na wanunuzi wote. Namba hiyo iko kwenye kitochi cha mwenyekiti, Mzee Asheri. Kitochi hicho hushika mtandao mahali pamoja tu: juu ya jiwe nyuma ya migomba yake. Mzee akiwa shambani, mnunuzi anapiga mpaka anachoka. Sasa sikia maarifa! Simu zote za namba hiyo zinahamishiwa kwenye kompyuta yangu kwa njia ya intaneti. Mashine inapokea, inasalimu, inamuuliza mteja anataka nini, inampeleka kwa mhusika. Mzee nimemwekea laini mpya ya kampuni nyingine, inashika hata sebuleni. Jiwe limestaafu.

Umoja umekubali kunijaribu wiki moja. Wakiridhika, vikundi vyote kuanzia Mamba hadi Kifaru vitapanga foleni hapa.

Mzee Asheri alinikumbusha jambo moja. Tangawizi imeshachimbwa, imeoshwa, iko ghalani, na haina subira. Rodrick, mnunuzi wa Dar, atapiga Ijumaa asubuhi. Asipopata jibu mpaka saa sita mchana, lori lake linageuzia Songea. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Akasema hakuwa nao mpaka nilipoutaja.

Sadock, fundi simu wa ng'ambo ya barabara, amekuja kuchungulia. Akasema kama shida ni jiwe, Mzee apelekewe kiti akae juu yake. Wivu mtupu. Mimi nina cheti cha semina ya siku nzima, Moshi.

Jumanne, 8 Julai

Mashine inahitaji sauti. Asubuhi nilirekodi yangu. Sharifa akaisikiliza mpaka mwisho huku akikunja vitenge, kisha akasema nasikika kama mnadi wa mitumba aliyefiwa. Nimeifuta.

Halafu bahati ikaja kwa miguu yake! Mwalimu Lydia ameshuka mjini kumwona binti yake. Mstaafu. Alifundisha darasa la kwanza kule Mamba miaka thelathini na zaidi. Hakuna mkulima wa tangawizi mwenye mvi ambaye hakushikishwa penseli na mama huyu. Na sauti! Kavu, safi, kila silabi inafika imevaa viatu. Nikajiuliza, nani Mamba atathubutu kumkatia simu Mwalimu Lydia?

Nilimpelekea maneno kwenye karatasi. Akaomba kalamu nyekundu. Nimepata sita kwa kumi. Kisha akasimama wima, akarekodi kwa mkupuo mmoja: Hamjambo. Huu ni Umoja wa Tangawizi wa Mamba. Sikiliza mpaka mwisho. Anayetaka tangawizi mbichi abonyeze moja. Kavu, mbili. Mwenyekiti, tatu.

Akarekodi na ya pili, ambayo mwenyekiti ataisikia kabla ya kuunganishwa na mteja: Hamjambo. Kuna mgeni kwenye simu. Bonyeza moja umpokee.

Mwishoni mwa zote mbili akaongeza ya kwake: Usibonyeze ovyo. Sikumwambia aseme hivyo, lakini nimeyaacha. Yanaleta nidhamu.

Jumatano, 9 Julai

Siku ya elimu. Nimekwenda mara tatu kwa Faraja, binti anayekaa dirishani kwenye ofisi ya kampuni ya intaneti. Mara ya tatu alijificha chini ya meza, lakini niliona kiatu.

Swali la kwanza: sauti yangu ikiingia kwenye kompyuta inakwenda wapi? Faraja akaeleza kwamba inakatwakatwa vipande, hamsini kwa kila sekunde, kila kipande kinaandikwa anwani na kushika njia yake. Vingine vinatangulia, vingine vinachelewa. Vikifika vinapangwa mstarini upya kama wanafunzi. Na kompyuta kuu ya huduma yangu, akasema, iko Ulaya.

Ulaya! Nimerudi dukani mbio. Nikampigia Sharifa aliyekuwa uani. Kutoka mezani hadi uani ni hatua kumi na mbili. Sauti yangu ikaenda Ulaya, ikapanda na kushuka huko inakojua yenyewe, ikarudi Same, ikaingia sikioni kwa mke wangu. Akanisikia mara mbili, kwanza kupitia mlangoni, halafu kwenye simu. Akasema mara moja ilikuwa inatosha.

Swali la pili: kipande kinachochelewa sana kinafanywa nini? Kinatupwa, akasema Faraja. Kinatupwa! Nimekaa nimefikiria jambo hili mpaka makande yangu yakapoa. Maneno ya watu, yamekwenda mpaka Ulaya, halafu yanatupwa kwa kuchelewa kidogo tu.

Swali la tatu ndilo bora. Je, mtu akinyamaza, ukimya nao unasafiri? Faraja akashusha pumzi. Akasema hapana, ukimya hausafirishwi, ni kupoteza bando. Badala yake, mashine hutengeneza kiunguruma kidogo cha uongo ili msikilizaji asidhani amekatiwa.

Ukimya wa kutengenezwa! Nimekitafuta kiunguruma hicho kwenye mipangilio, nimekiwasha, nimekipandisha mpaka mwisho. Nimejaribu. Ajabu. Unahisi kabisa kuna mtu upande wa pili, anapumua, anakusubiri useme.

Sadock amepita. Akauliza kama nimeshawahi kuuza kitu chochote kwa kutumia mashine hii. Nikamwonyesha kiunguruma. Akaondoka.

Alhamisi, 10 Julai

Mwalimu Lydia amepanda Mamba kwa basi la asubuhi. Saa mbili kamili nimefungua mfumo.

Simu arobaini na moja kufikia saa kumi! Zote kutoka Mamba, wanachama wenyewe wanauonja Umoja wao. Wastani wa kila simu ni dakika nne. Nimepiga meza kwa furaha, ruta ikaanguka. Dakika nne! Watu wanasikiliza tangazo moja dakika nne!

Halafu nikaangalia safu ya pili. Waliobonyeza moja: hakuna. Mbili: hakuna. Tatu: hakuna.

Nimeona nichunguze. Mfumo unarekodi kila simu, nikafungua ya kwanza. Mwalimu anasema hamjambo, anaeleza yake mpaka mwisho. Sauti ya mwanamume inajibu haraka kwamba hatujambo mwalimu, shikamoo mwalimu. Halafu kiunguruma. Kuku analia kwa mbali. Shikamoo mwalimu, anarudia, polepole zaidi. Kiunguruma. Kisha anajitambulisha kwamba ni yeye, Tumainieli, wa darasa la mwaka sabini na tisa, aliyekuwa anakaa karibu na dirisha. Kiunguruma. Tangazo linaanza upya. Mwisho anakata taratibu kabisa, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, mama mmoja anaomba radhi kuhusu ufagio ambao hakuuleta shuleni.

Nimelitambua tatizo mara moja. Maikrofoni za Mamba ni mbovu. Au vipande vya sauti vinagongana kwenye kona za mlima. Nimezima ruta, nimewasha. Nimeihamishia juu ya kabati.

Sharifa alisikiliza rekodi moja tu. Akasema tatizo ni kwamba wamesalimia na hawakuitikiwa. Nikamweleza kwa upole kwamba mashine haiitikii shikamoo. Akauliza, sasa kama haijui kuitikia ilimsalimia mtu kwa nini? Biashara ya vitenge haimpi mtu upeo wa teknolojia.

Ijumaa, 11 Julai

Siku yenyewe. Nimevaa shati la Idi.

Saa tatu na robo. Rodrick! Namba ya Dar kwenye skrini! Hakumngoja hata Mwalimu amalize, akabonyeza tatu. Watu wa Dar hawakupita darasa lile. Mfumo ukampigia Mzee Asheri. Akapokea. Nikasikia yote kwenye spika za masikioni. Mwalimu akasema hamjambo, kuna mgeni kwenye simu, bonyeza moja umpokee, usibonyeze ovyo. Mzee Asheri akajibu hatujambo mwalimu, shikamoo.

Kiunguruma.

Bonyeza, Mzee! Nimepiga kelele dukani, mteja wa Sharifa akaangusha kitenge.

Mzee akarudia shikamoo. Kiunguruma. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba anaelewa, wanakuja, wako njiani na jogoo. Akakata.

Jogoo?

Saa tatu na nusu, Rodrick tena. Safari hii laini ya Mzee haipatikani. Ameingia bondeni. Nikapiga namba ya zamani, ile ya Umoja, kwa haraka bila kufikiri. Akapokea Mwalimu Lydia. Nikasimama. Nikasema shikamoo. Sharifa alikuwa ananitazama.

Saa nne, Rodrick, haipatikani. Saa nne na nusu, hivyo hivyo. Ghala zima la tangawizi. Watu wameamka alfajiri kuichimba, wameibeba kichwani kwenye utelezi, wameiosha kipande kwa kipande, na mlango pekee wa kumfikia mnunuzi nimeushika mimi na sijui unavyofunguka. Naandika ukweli: niliogopa sana.

Saa tano kamili nimevuka barabara. Kwa Sadock. Ndiyo, kwa miguu yangu. Sadock ametengeneza nusu ya simu za Mamba, namba zote anazo. Tulipiga kumi na moja, zote zimezimwa. Ya kumi na mbili akapokea mke wa Tumainieli, aliyebaki nyumbani na mtoto. Akasema Umoja mzima umekwenda kwa Mwalimu Lydia kuomba msamaha. Wamebeba jogoo na mkungu wa ndizi, na simu wamezima kwa heshima, isipokuwa ya mwenyekiti. Kwa nini? Kwa sababu Mwalimu amekasirika. Kwanza ametangulia kusalimia yeye, mkubwa, jambo ambalo kila aliyesoma kwake anajua maana yake. Halafu ukimpa shikamoo haitikii. Na si kwamba hayupo, akasema mke wa Tumainieli. Yupo. Anasikika anapumua.

Sadock alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakumbuka kitu. Magunia sita ghalani mle ni ya mjomba wake.

Tumekimbia kurudi kwenye kompyuta. Saa tano na dakika arobaini. Namba ya Dar. Ya mwisho hii, nilijua. Rodrick akabonyeza tatu. Taa ikawa kijani: simu ya Mzee Asheri inaita. Mimi na Sadock tuligawana spika, sikio moja moja. Nilisikia harufu yake, naye yangu, hakuna aliyejali.

Mzee akapokea. Hajui kupokea simu bila kuweka sauti kubwa, na kwa mara ya kwanza nimemshukuru Mungu kwa hilo. Mwalimu wa mashine akasema hamjambo.

Viti vikakwaruza sakafu. Viti vingi. Kisha watu wazima wapatao thelathini, wenye wajukuu, wakaitika kwa pamoja: hatujambo mwalimu, shikamoo mwalimu!

Kiunguruma kikaanza. Nikafumba macho.

Na hapo, kutoka pembeni, si kwenye mashine, kavu na safi, ikaja: marahaba. Kaeni.

Wakakaa. Nimewasikia wakikaa. Nimesikia pumzi za kijiji kizima zikishuka. Sharifa alikuwa amesogea nyuma yetu na kitenge mkononi, na nadhani alijipangusa jicho, ingawa anasema ni vumbi la barabarani.

Mwalimu akauliza hiyo iliyosema hamjambo ni sauti ya nani. Mzee Asheri akajibu kwamba ni yake yeye mwalimu. Mwalimu akaagiza basi wanyamaze aisikilize. Tangazo likarudi mwanzo. Akalisikiliza lote, mpaka usibonyeze ovyo. Akasema vizuri. Akaomba simu. Akabonyeza moja.

Katika Mamba yote, ndiye wa kwanza kufuata maelekezo!

Rodrick akaanza kulalamika kwamba amezungushwa tangu asubuhi. Mwalimu akamuuliza kama huko atokako watu hawasalimiani. Kimya kidogo, na hiki kilikuwa kimya cha kweli. Rodrick akasema shikamoo. Baada ya dakika mbili na Mzee Asheri mambo yakaisha: lori linapanda kesho.

Sadock akanipa mkono. Nikaupokea.

Jumamosi, 12 Julai

Lori limepanda, limejazwa, limeshuka. Harufu ya tangawizi imejaa stendi nzima. Dereva amenishushia kikapu na barua.

Barua ni ya Mzee Asheri. Imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Umoja unanishukuru kwa moyo wangu. Umoja unaomba namba yake irudishwe kwenye kitochi, kwenye jiwe, leo hii. Juu ya jiwe wameshaweka kiti, na wanachama watapokezana zamu. Kiti kimetolewa na Sadock.

Pembeni kuna mwandiko wa Mwalimu mwenyewe: nne kwa kumi. Nimeshuka.

Imeniuma. Sitaficha. Nimerudisha namba yao, nimeona taa ya kijani ikizimika, nikakaa kwenye kona yangu nikinusa kikapu. Sharifa ameniletea chai ya tangawizi, ameweka sukari bila kuipima. Nilimwambia nimekoma. Akasema anywe kwanza mtu chai yake.

Sadock amevuka barabara kuniuliza kiunguruma kilikuwa kinawashwa wapi. Anataka tu kujua. Tumekaa saa nzima tukikisikiliza.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefikiri siku tano. Nimeuona mzizi wa kosa! Mfumo ulikuwa sahihi. Kiunguruma kilikuwa sahihi. Lilikosekana neno moja tu: marahaba. Na mwenye sauti alikuwa mtu baki, mwalimu wa watu wengine. Kazi ya namna hii inataka mtu wa ndani ya familia.

Wafugaji wa Kwakoa wanatafuta njia ya kupokea simu za wanunuzi wa mbuzi wakiwa malishoni. Na Kwakoa, ni nani anayeheshimiwa na kila mtu, mkubwa kwa mdogo? Bi Fadhila. Mkunga. Nusu ya wafugaji wale aliwapokea duniani kwa mikono yake. Na kwa bahati ni mama mzazi wa Sharifa. Mkwe wangu!

Nimemrekodi jana. Safari hii hasalimii kwanza, nimejifunza. Mashine inampa mpigaji sekunde tatu za kusema shikamoo, kisha Bi Fadhila anaitikia marahaba baba, kwa upole. Baada ya hapo alitakiwa aseme anayetaka mbuzi abonyeze moja. Alikisema hicho, lakini kabla yake akauliza habari za nyumbani, watoto, na yule mwanangu Sharifa unamlisha vizuri? Sikuweza kumkatiza. Nimeacha kama ilivyo. Inaleta ukaribu.

Sharifa ameuliza kama nina akili. Nimemwambia angoje aone.

Nimefungua mfumo saa mbili na nimepiga mwenyewe kuujaribu. Kazi safi kabisa! Nimesema shikamoo, ameitikia. Ameuliza habari za nyumbani, nimejibu nzuri mama. Ameuliza kuhusu Sharifa, nimemweleza kwa kirefu. Nimefunga vifungo vyote vya shati. Kidole kiko juu ya moja, lakini kumbonyezea mkwe wakati bado anapumua, sijui, naona si adabu. Kukata ndiyo kabisa, mtu hamkatii mkwe wake simu. Tangazo linaanza upya kila dakika, na hii ni mara ya mia na ushei namwambia nyumbani hatujambo.

Sasa ni saa nne. Naandika kwa mkono mmoja. Nimesimama, nangoja aniruhusu.